Nyumba Niliyoiandika Haina Mtu

Nimechoka na neno moja la Kiingereza. Wenzangu huchoshwa na maneno marefu, yale ya mahakamani na ya hospitali. Langu mimi ni fupi, mtoto wa darasa la nne analijua, na tangu nilipoacha kazi za ofisi silitamki ila nikilazimika. Neno lenyewe ni nobody. Ukiniuliza maana yake nitakwambia ni hakuna mtu, na tungeweza kuishia hapo, mimi nikaenda zangu kujinyoosha. Lakini kujua maana ya neno ni jambo moja, kulitumia ni jambo jingine. Mimi nililitumia kumtoa mwanamke nyumbani mwake, na sikuwa na silaha yoyote ila kalamu.

Shuleni tulifundishwa neno hilo kwa kiti. Mwalimu wetu, mzee wa Mji wa Kale aliyevaa koti hata katika joto la kaskazi, alikiweka kiti mbele ya darasa, akamwita mmoja wetu akikalie. Huyo akawa somebody. Kisha akamwinua, kiti kikabaki kitupu, na mwalimu akakionyesha kwa fimbo: hapa sasa ameketi nobody. Tulicheka mpaka tukachapwa. Kwa Kiswahili mtu asiyekuwapo hawezi kuketi. Unasema hakuna mtu na habari imekwisha. Waingereza walimpa kiti, na siku nyingine wakamfanya aingie, atoke, avunje vitu, aseme na asisikike. Mwalimu alituambia tusiulize sana, ndivyo wanavyosema wenyewe. Tukakariri, tukafaulu, tukatawanyika kutafuta kazi.

Kazi niliipata Changamwe, ukarani katika kampuni moja iliyokuwa na matangi ya mafuta na uwanja wa malori. Nilikuwa nikiishi Junda na mama yangu, baba alikwisha kufariki. Kila asubuhi nilivuka daraja la Nyali, nikakikatisha kisiwa, nikavuka tena Makupa, nikafika kazini nimeshachoka kabla sijakaa. Vumbi la malori liliingia mpaka ndani ya droo. Bwana mkubwa wetu alikuwa Mwingereza mwembamba, si mkali, si mwema, mtu aliyechoka kama mimi ila yeye alichokea kwenye kiti kizuri zaidi.

Pale ndipo nilipomwona nobody akifanya kazi. Nobody aondoke kabla ya saa kumi, alisema bwana mkubwa, na hiyo ikawa amri juu yetu sote. Jambo likiharibika alisema nobody amemwambia, na hiyo ikawa kinga yake. Kikombe chake cha chai kilipovunjwa akauliza ni nani, sote makarani watatu tulijibu nobody kwa adabu kubwa, na vigae vikatupwa. Simu ikilia naye hataki kusumbuliwa, nilifundishwa kusema nobody yumo ofisini, naye yumo, miguu juu ya meza, ananitazama ninavyosema. Siku moja alikuja mgeni kutoka Nairobi, akamwona bawabu wetu mzee amesimama langoni, akauliza yule ni nani. Bwana mkubwa akajibu, bila ubaya wowote, kwamba ni nobody. Mzee yule alikuwa na watoto wanane, na kila asubuhi alinisalimia kwa kuniuliza hali ya mama. Niliudhika siku nzima. Nilijiona mimi ni bora kuliko bwana mkubwa, na ningependa msomaji alikumbuke hilo nikifika mbele.

Basi kampuni ikataka kupanua uwanja wake. Upande wa Chaani palikuwa na safu za nyumba za udongo na makuti, na mwenye ardhi alikuwa amekwisha kuiuza. Huku kwetu jambo hilo linawezekana: nyumba ni yako, umeijenga kwa boriti zako na jasho lako, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, nawe unamlipa ijara kila mwezi. Ardhi ikiuzwa, unaamka nyumba yako imesimama juu ya mali ya mtu usiyemjua. Kampuni ilikubali kuwapa watu wa pale viwanja vingine, mbele kidogo, pamoja na lori la kuhamishia boriti na makuti yao. Sharti lilikuwa moja tu, nyumba iwe inakaliwa. Zilizoachwa na wenyewe zingebomolewa na habari zake kwisha. Nikatumwa mimi kuzunguka na karatasi, niandike kila nyumba ina watu wangapi.

Nilikwenda na mwenzangu mmoja, mtu wa bara, Mkristo, aliyeshika utepe wa kupimia na kopo la chokaa. Alikuwa amekuja pwani mwaka uliotangulia, amepanga chumba huko huko Chaani, na Kiswahili chake tulikuwa tukikicheka kazini mbele yake. Nyumba yenye watu aliipaka namba mlangoni. Nyumba tupu aliipaka mistari miwili iliyokatana. Mimi nilibisha, nikauliza, nikaandika.

Ilikuwa Ramadhani, tena Ramadhani ya kaskazi, jua limesimama utosini na upepo umekatika. Yeye alikunywa maji yake kwa kujificha nyuma ya kuta ili asinitie kiu, adabu ambayo sikumshukuru. Mimi nilikuwa nimefunga, ulimi umenigandama, miguu imevimba ndani ya viatu vya ofisi.

Sasa lazima nieleze desturi, kwa kuwa bila desturi sina kisa. Ukibisha hodi kwenye nyumba ya Waislamu wa pwani, na wanaume hawapo, mwanamke aliye ndani hakufungulii. Hujibu kutoka ndani, "Hapana mtu." Kila aliyelelewa huku anajua anachoambiwa: hayupo mwanamume wa kuzungumza nawe, nami nimejisitiri, nenda urudi baadaye. Na kila aliyelelewa huku anajua la kufanya. Unasema haya, nitarudi alasiri, kisha unarudi na mwanamke wa mtaa anayeweza kuingia ndani, akuletee jibu. Ndivyo nilivyofanya siku mbili za kwanza. Palikuwa na bibi mmoja muuza mahamri, mchangamfu, aliyenifuata alasiri nyumba baada ya nyumba, akaingia na kutoka akiniambia hawa wanne, hawa saba, na yule mdogo ana surua.

Siku ya tatu tulifika nyumba ya mwisho ya safu, iliyopakana na ua wa kampuni. Ilikuwa imepigwa lipu vizuri, kizingiti kimefagiwa. Mlango wake ulikuwa wa mninga, umepigwa randa na mtu anayejua kazi. Nikabisha. Kimya. Nikabisha tena, hodi wenyewe.

"Hapana mtu," ilijibu sauti ya mwanamke, taratibu, karibu kabisa na mlango.

Nilitazama jua. Kurudi alasiri maana yake ni kumtafuta yule bibi, kumngoja aswali, kuutembea upya mwendo wote ule kwa ajili ya nyumba moja, kisha kukosa basi na kufuturu tende niko Makupa, nimesimama. Nikaiegemeza karatasi ukutani pale pale, na katika safu ya idadi ya watu nikaandika nobody.

Mwenzangu alikuwa akinitazama juu ya bega.

"Lakini mama amejibu," alisema.

"Amesema hapana mtu."

"Sasa aliyesema ni nani? Si mtu ni huyo? Wewe andika mmoja tu, tutajua mbele."

"Nyinyi watu wa bara hamjui desturi," nikamwambia. "Paka chokaa, twende."

Akachovya brashi akapaka ile mistari miwili juu ya mlango wa mninga. Alipaka polepole, chokaa ikadondokea kizingiti, akainama akaifuta kwa kiganja.  Siku hiyo niliwahi basi. Nilifuturu nyumbani, uji wa mama ukiwa bado wa moto.

Nilijua. Naliandika hili waziwazi kwa sababu wanaonihurumia husema labda sikuelewa, labda Kiingereza kilinichanganya. Sikuchanganywa na lugha yoyote. Yule wa bara hakuijua desturi, akaona mtu. Mimi niliijua desturi tangu nikiwa mgongoni kwa mama, nikaitumia kujipunguzia kutembea.

Idi ikaja, ikapita. Orodha ilisomwa barazani mbele ya wanaume wa mtaa, na kila mmoja alitega sikio kwa nyumba yake, akisikia namba yake akashusha pumzi. Nyumba ya mwisho ya safu haikuwa na mwanamume wa kutega sikio. Malori yakaanza kuhamisha watu. Mawingu ya masika nayo yalikuwa yameanza kukusanyika, na kila mtu alikuwa na haraka ya kuezeka upya.

Asubuhi moja mwenzangu alikuja mezani kwangu, akasimama. Alisema kwamba jirani wa chumba anachokaa huwapelekea watu chakula, na mmoja wa hao ni mwanamke wa ile nyumba tuliyoipaka mistari. Amefiwa na mume mwezi wa Rajabu, mume alikuwa seremala. Anakaa ndani, hatoki, ndiyo dini yenu, alisema. Nyumba inabomolewa Jumatatu ya wiki ijayo.

Alikuwa katika eda. Mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyokuwa na mumewe, hajipambi, hatoki ila kwa dharura, na hasemezani ovyo na wanaume wa nje. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Kutoka Rajabu, eda yake ingekwisha mwisho wa Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Ilikuwa imebaki kama mwezi mmoja na nusu. Nyumba ilikuwa imebakiwa na siku sita.

Nikaenda kwa bwana mkubwa. Nilimwambia kuna mwanamke katika nyumba iliyoandikwa tupu. Akavuta karatasi yangu kutoka kwenye faili, akaisoma, akaniuliza kama nilibisha siku ile. Nikasema nilibisha. Akauliza, na je, kuna aliyejibu?

Swali lilikuwa jepesi.  Nilifikiria kazi yangu, nikafikiria mama, nikafikiria karani mmoja aliyewahi kufukuzwa pale kwa kosa dogo kuliko hili. Nikasema hakuna aliyejibu. Nikaongeza, kwa kuwa mtu akianza uongo huona haya kuuacha mfupi, kwamba labda mwanamke huyo ameingia baadaye.

"Kama ameingia baadaye," alisema bwana mkubwa, "basi ni mvamizi, hana haki ya kiwanja." Akaifunga faili. Nikamshukuru nikatoka.

Kwa hiyo nikawa nimemkosea mara mbili. Mara ya kwanza nilimfuta, mara ya pili nikamfanya mwizi wa nyumba aliyojengewa na mumewe.

Jioni ile sikuweza kula. Mama aliniuliza, nikamwambia yote, nikitaraji ataniambia ni kadari. Mama yangu alikuwa mwanamke wa maneno machache, wa ukoo wa Kimvita hasa. Alikuwa akichambua mchele, akauweka uteo chini.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Na ukaandika hapana mtu."

"Ndivyo alivyosema mwenyewe, mama."

"Usinitilie mimi ujinga hapa," alisema. "Wewe watoka asubuhi waniwata peke yangu. Akija mtu nisiyemjua hapo mlangoni, mimi nami humjibu vivyo hivyo. Nami utaniandika hivyo?"

 Akauchukua uteo wake.

"Mwanamke yuwakaa eda. Wataka atoke akapige kelele barazani na wanaume? Kesho nenda kaseme kweli. Kisha unipeleke kwake."

Nilikwenda kesho yake nikasema kweli. Niliisema nimesimama, bila kumtazama, kwamba sauti ilijibu, kwamba niliisikia vizuri, kwamba jana nilidanganya. Bwana mkubwa aliweka kalamu chini. Akasugua macho. Akaniambia viwanja vimekwisha, cha mwisho kimetolewa juzi, barua zimekwenda kwa wakubwa, na mkandarasi wa matangi anaanza Jumatatu. Angempa lori la kuhamisha vitu, zaidi ya hilo hana uwezo. Kisha, pengine kwa kuniona nilivyokauka, akasema kwa upole nisijisumbue roho, katika jambo hili nobody ana lawama.

Alikusudia kunifariji. Hakunifukuza, wala hakunikata mshahara wa siku. Ningefukuzwa ningetoka pale nimenyooka mgongo, nimelipa kitu. Nilirudi mezani nikaendelea kunakili barua.

Alhamisi nilimpeleka mama Chaani. Aliingia ndani, mimi nikabaki nje, nimeketi barazani nimeupa mlango mgongo. Majirani walikuwa wameshahama, kote ni mashimo ya nguzo na makuti yaliyooza. Nilisikia mama akitoa pole, nikasikia vilio viwili, vifupi. Baadaye mama akaniita kupitia mlangoni, sema mwenyewe.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa ile ile. "Ni weye wa siku ile?"

"Ni mimi."

"Nalikusikia ukimwambia mwenzio apake chokaa. Sikujua ni chokaa ya nini. Nalidhani utarudi alasiri." Akakohoa. "Nalimwita jirani aje akae nami, ukirudi akutolee jina la marehemu na langu. Tulikungoja mpaka magharibi."

 Yeye alikuwa ameishika desturi mpaka mwisho wake. Alikuwa amenikadiria adabu ya mtoto aliyelelewa, akanitayarishia mtu, akaketi kuningoja, na saa ile mimi niko ndani ya basi, nimeegemeza kichwa dirishani, nafurahia upepo wa daraja.

Niliomba radhi, lakini maneno yaliyonitoka sijui yalikuwa gani. Mama ndiye aliyesema la maana. Alimwambia dini inaruhusu mjane kuhama kwa dharura, na kubomolewa nyumba ni dharura, na kwamba atakuja kumalizia eda yake kwetu Junda. Mwanamke yule hakuwa na mtu wa karibu ila ndugu mmoja, baharia, aliyekuwa melini na haijulikani atarudi mwezi gani. Akauliza kama kwetu kuna choo cha ndani, asilazimike kutoka nje. Mama akasema kipo. Basi akakubali.

Tulimhamisha Jumapili. Wanawake watano wa Junda walikuja na mama, wakamzungushia kanga kwa kuzishika juu, wakamtembeza hivyo mpaka kwenye lori, naye kajifunika buibui chini yake. Dereva na sisi wanaume tuligeuka tukatazama matangi. Niliona visigino tu, vimepasuka, na viatu vya kanda mbili vya bluu. Walipokwisha kuondoka, mwenzangu alivua shati, akasema tuing'oe nyumba sisi wenyewe, tusiwaachie watu wa mitaimbo. Tuliteremsha makuti, tukatoa boriti moja moja. Yule seremala alikuwa amezifunga kwa ufundi mkubwa, kila fundo tulilifungua kwa shida. Mchana mzima mwenzangu hakunikumbusha lile alilosema siku ya chokaa. Ningependa angenikumbusha.

Boriti tulizirundika uani kwetu na zikaliwa na mchwa masika yale yale, kwani hapakuwa na pa kuzijengea. Mlango wa mninga mama aliutia ndani, akauegemeza ukutani, nami nilijifundisha kupita bila kuutazama.

Alipewa chumba changu. Mimi nililala ukumbini juu ya mkeka kwa muda wa mwezi na nusu, na mvua ilipovuja nilihamisha mkeka, wala sikuona kama ni adhabu. Sikumwona uso. Nilimsikia akikohoa, akisali, akimuuliza mama kama mchele umetosha. Alikuwa akishona kofia, na mara moja moja mama alinituma mjini nimnunulie nyuzi. Nilinunua nyuzi bora kuliko nilizoagizwa. Alizipokea kupitia kwa mama na salamu za ahsante, mwanangu. Kila nilipokwenda kazini nilipita pale penye ua wa kampuni, na kila siku tangi lilikuwa limeongezeka kimo.

Eda ikaisha. Wanawake walimwogesha, wakamfukiza udi, akatoka. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini hivi, mrefu kuliko sauti yake. Wiki mbili baadaye ndugu yake akashuka melini, akaja kumchukua, akampeleka kwake Likoni. Yule baharia alinipa mkono. Nadhani hakuwa ameambiwa, au aliambiwa akaona hapana faida. Mlango wa mninga waliuacha, wakisema watamtuma mtu aje auchukue wakipata pa kuutia.

Miaka miwili na ushei ikapita. Niliiacha ile kampuni, nikapata ukarani mwingine, nao ulikuwa na maneno yale yale. Uhuru ukawa unakaribia. Mijini watu walipaka kuta chokaa, bendera ndogo za karatasi zikauzwa mpaka vijiweni, na kila palipo na baraza palikuwa na mtu anayemhakikishia mwenzake kwamba sasa ardhi itarudi, kila mtu atapata kiwanja, hakuna atakayesahauliwa. Nilikuwa kijana bado, ningepaswa kuimba. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi.

Wiki ile mama alikuwa mgonjwa wa miguu, akanituma Likoni nimpelekee yule mjane doti ya kanga mpya. Nikavuka feri na watu waliokuwa wakipiga ngoma. Nyumba ya baharia niliiulizia, nikaonyeshwa. Ilikuwa ya vyumba viwili, na ndani yake mliishi baharia, mkewe, watoto sita na mama mkwe. Nilijitaja mlangoni, akanifungulia mmoja wa watoto, kwa kuwa sasa nilikuwa mtu wa kujulikana. Nilimkuta mjane ukumbini, mahali pa kupitia watu. Kitanda chake kilikuwa kimezungushiwa pazia la gunia lililofuliwa vizuri, na juu ya kitanda kulikuwa na kila alicho nacho. Watoto walipita mbele yetu wakienda uani, wakapita wakirudi, na kila mmoja aliligusa pazia kwa bega.

Nikampa kanga. Akaifungua, akaisifu, akamwombea mama afya. Aliniuliza kama nimeoa. Alikuwa na kofia mkononi, akaendelea kuishona, akitoboa matundu madogo madogo na kuyazungushia uzi, macho ameyasogeza karibu kwa sababu mwanga ulikuwa ukitoka mlangoni tu.

Nilikuwa nimejiandaa tangu kwenye feri. Safari hii nilisema vizuri. Nilisema kwamba siku ile nilimsikia, kwamba nilijua yumo, kwamba hakuna aliyenilazimisha, kwamba nilikuwa nimechoka tu na nikataka kufika nyumbani mapema. Nilisema kwamba namwomba anisamehe. Niliona aibu mbele ya watoto.

Alishona mpaka akamaliza tundu alilokuwa nalo. Akakata uzi kwa meno.

"Kusamehe nimeshakusamehe, mwanangu," alisema. "Nyumba ndiyo sina."